UZI: Kumfuatilia babu au bibi Mfaransa aliyekuwa Résistance (1940–1944): uanzie wapi, umwandikie nani, faili lisomwe vipi

#1 MtunzaNyaraka

Wakuu, heshima kwenu. Swali la babu au bibi Mfaransa aliyepambana kwa siri na Wajerumani linaulizwa humu mara kwa mara, na majibu yake yamesambaa huku na kule. Naweka msingi, wenye ujuzi zaidi mtajazia.

Elewa hili kabla hujamwandikia mtu yeyote. Wakati wa vita watu wa Résistance walikwepa kuandika. Daftari la majina likikutwa kwenye upekuzi, kundi zima linakwisha. Kwa hiyo karatasi unazozitafuta karibu zote ni za baada ya ukombozi, kuanzia mwisho wa 1944 na kuendelea, pale dola ilipomtaka kila mhusika aombe mwenyewe kutambuliwa ili apate cheo, malipo, kadi au medali. Aliyeomba ana faili. Asiyeomba huenda hana, hata kama alificha watu nyumbani kwake vita nzima. Ukikosa jina lake usikimbilie kusema familia ilitunga.

Hatua ya kwanza haihusu vita hata kidogo. Ni utambulisho wa kiraia: jina la ukoo, majina yote ya mwanzo kwa mpangilio wake, tarehe ya kuzaliwa, komuni (mji au kijiji chenye ofisi ya meya) aliyozaliwa na departementi (mkoa) yake. Departementi ni lazima, kwa sababu Ufaransa ina komuni nyingi zenye jina moja. Ukiandika "Saint-Martin" peke yake hujasema kitu. Cheti cha kuzaliwa huwa wazi kwa kila mtu baada ya miaka 75, cha kifo huwa wazi papo hapo. Omba kwa ofisi ya meya nakala kamili (*copie intégrale*), usikubali muhtasari (*extrait*), kwa maana unachokitaka kipo pembeni mwa ukurasa: ndoa, talaka, na kifo kama kilisajiliwa. Kama alifariki 1970 au baadaye, jina lake linatafutika bure kwenye orodha ya vifo ya INSEE (idara ya takwimu ya Ufaransa), nayo itakupa tarehe na mahali pa kuzaliwa kwa pamoja.

Ukishakuwa na hayo, nenda tovuti ya Mémoire des hommes, hifadhidata iitwayo *Titres, homologations et services pour faits de résistance*. Inatokana na mfululizo wa mafaili wenye namba GR 16 P, uliopo Service historique de la Défense (SHD, idara ya historia ya jeshi), ngome ya Vincennes, pembeni kidogo ya Paris. Humo kuna majina zaidi ya 600,000. Faili lenyewe halisomeki mtandaoni. Unachopata ni jina, kuzaliwa, namba ya faili, na vifupisho vya aina ya huduma iliyotambuliwa.

Nakili namba nzima kama ilivyo. Bila hiyo, maombi yako yanaanzia sifuri.

#2 BintiSalim

Ahsante mkuu. Hivyo vifupisho ndivyo vinavyotupoteza. FFI, FFC, FFL, RIF, DIR. Na kama mbele ya jina hakuna kifupisho chochote, ina maana gani?

#3 Kwezi

Dada BintiSalim, hivyo vifupisho ndivyo vinavyokuonyesha mlango wa pili wa kugonga.

FFI (Forces françaises de l'intérieur) ni wapiganaji wa ndani waliounganishwa rasmi 1 Februari 1944: Armée secrète ("jeshi la siri"), FTP (wapiganaji wa upande wa wakomunisti), ORA (wa maafisa wa jeshi la zamani) na maquis (makundi yaliyojificha msituni na milimani) kwa jumla. Ukikuta hiki, tafuta kikosi chake kwenye mfululizo GR 19 P, ambao umepangwa kwa departementi. Huko kuna historia za vikosi, orodha za watu, na mara nyingine ramani za mapigano.

FFC (Forces françaises combattantes) ni mawakala wa *réseaux*, yaani mitandao iliyofanya kazi maalumu kwa mawasiliano na London: upelelezi, kutorosha watu, au hujuma. Mafaili ya mitandao ni GR 17 P. Wakala wa FFC ana daraja, na daraja hilo linasema mengi. P0 alisaidia mara moja moja. P1 alifanya kazi ya mtandao kwa kudumu huku akiendelea na ajira yake ya kawaida. P2 aliacha yote, mtandao ndio ukawa maisha yake.

RIF (Résistance intérieure française) ni wa mavuguvugu: magazeti ya siri, vipeperushi, vyeti bandia, kueneza propaganda. Combat, Libération-Sud, Franc-Tireur kusini. OCM, Libération-Nord na wengine kaskazini. Mafaili ya mavuguvugu ni GR 18 P.

FFL ni Wafaransa Huru wa de Gaulle, na mpaka wa tarehe ni mkali: aliyejiunga kati ya 18 Juni 1940 na 31 Julai 1943. DIR ni waliokamatwa wakafungwa au kupelekwa kambini kwa sababu ya Résistance.

Mtu mmoja anaweza kuwa na vitatu kwa mpigo. Kijana aligawa gazeti 1942 (RIF), akachukuliwa na mtandao wa upelelezi 1943 (FFC), akakamatwa 1944 (DIR). Fuata vyote.

Nafasi tupu mbele ya jina ina maana faili lipo lakini hifadhidata haionyeshi huduma iliyothibitishwa. Huenda ombi lilikataliwa, au halikukamilika. Liagize hivyo hivyo! Faili la aliyekataliwa wakati mwingine ni nene kuliko la aliyekubaliwa, maana alilazimika kujieleza, kukata rufaa na kuleta mashahidi wapya.

#4 Baharia58

Naongeza kuhusu FFI, hapa watu wengi wanajidanganya. Angalia tarehe za huduma kwenye cheti cha uanachama (*certificat d'appartenance aux FFI*). Tarehe ya kuanza ikiwa 1943, huyo ni mtu wa kipindi cha siri. Ikiwa 6 Juni 1944 au siku chache baadaye, alijibu mwito wa siku ya kutua Normandie. Ikiwa mwishoni mwa Agosti 1944 na mji wake ulikombolewa wiki hiyo hiyo, alijiunga mlango ukiwa tayari wazi. Wafaransa wenyewe waliwaita hao "wa Septemba". Si aibu, wengine walienda kufa Alsace majira ya baridi yaliyofuata. Lakini usimwandike kuwa mpiganaji wa miaka minne.

Tena cheti kikisema alisajiliwa "EVDG" (*engagé volontaire pour la durée de la guerre*), ina maana baada ya ukombozi aliingia jeshi la kawaida. Hapo habari zake zinaendelea kwenye kumbukumbu za jeshi: rejista ya matricule (ya uandikishaji jeshini) ya departementi aliyoandikishwa, au kituo cha SHD kilichopo Pau, kinachotunza mafaili ya wanajeshi binafsi. Kwa matricule unahitaji "classe", yaani mwaka wa kuzaliwa ukijumlisha 20. Aliyezaliwa 1912 ni classe ya 1932.

#5 BintiSalim

Na kama familia inalijua jina la kificho tu? Mtu nyumbani alikuwa "Capitaine" fulani na hakuna mwingine anayejua zaidi.

#6 Mlinzi_wa_Majina

Mafaili ya 16 P yamepangwa kwa jina la kiraia. Ukitafuta kwa jina la kificho humo utatoka mikono mitupu. Pia majina ya kificho yalirudiwa sana: kila departementi ilikuwa na "Roland" wake na "Michel" wake, na mtu mmoja alibadilisha jina kila wenzake walipokamatwa.

Jina la kificho lina faida ukishajua mahali na kundi. Tafuta kundi kwenye 17 P, 18 P au 19 P, uagize orodha za watu zilizoandaliwa na *officier liquidateur*, afisa aliyepewa kazi ya kufunga hesabu za mtandao baada ya vita. Kwenye orodha za namna hiyo utakuta jina halisi na jina la kificho vimeandikwa pamoja. Njia ya pili ni nyaraka za departementi husika. Uliza mfululizo W kwa karatasi za utawala baada ya 10 Julai 1940, ikiwemo ripoti za polisi na ofisi ya prefekti (mwakilishi wa serikali kwenye departementi), na mfululizo J kwa karatasi zilizotolewa na watu binafsi.

Sasa mitego ya majina, maana hapa ndipo upekuzi mwingi hufia:

Wanawake. Tafuta jina la kuzaliwa, kisha la mume, kisha la mume wa pili. Makarani hawakufuata kanuni moja. Wanawake wengi waliobeba barua na silaha kwenye vikapu vya baiskeli hawakuomba chochote, kwa hiyo jina lao hujitokeza kwenye faili la mtu mwingine, katika ushahidi wa maandishi wa kiongozi wao.

Majina yenye "de", "du", "Le". Jaribu yameunganishwa, yametengana, na bila hicho kiambishi.

Wageni. Wahispania wa jamhuri, Wapolandi, Waitalia na Waarmenia walikuwa wengi, hasa katika FTP-MOI (tawi la FTP la wahamiaji), na majina yao yaliandikwa kwa sikio la Kifaransa. Kundi la Missak Manouchian ndilo mfano unaojulikana: watu 23 walihukumiwa, wanaume 22 wakapigwa risasi Mont-Valérien 21 Februari 1944, na Olga Bancic akakatwa kichwa Stuttgart 10 Mei mwaka huo huo. Ukiona tahajia tatu za jina moja kwenye karatasi tatu, zote ni za kweli. Tafuta kwa tarehe ya kuzaliwa badala ya jina. Na kama baadaye alipewa uraia, faili lake la uraia katika Archives nationales (nyaraka za taifa za Ufaransa) lina anwani, kazi, wazazi, na mara nyingine maelezo ya huduma yake vitani.

#7 Kwezi

Mlinzi umemaliza kwenye majina. Niseme kuhusu waliokamatwa, kwa sababu hao wana nyaraka nyingi kuliko wote na watu hawajui pa kuzitafuta.

Vincennes haitoshi. Mafaili ya waliofungwa, waliopelekwa Ujerumani na waliouawa yapo kwenye tawi jingine la SHD, mjini Caen. Sheria zilikuwa mbili na zinatenganisha watu: ya 6 Agosti 1948 ni ya *déporté résistant* na *interné résistant*, ya 9 Septemba 1948 ni ya *déporté politique* na *interné politique*. Neno "interné" hapo ni aliyefungwa ndani ya Ufaransa, "déporté" ni aliyevushwa. Mtu wa Résistance alipewa hadhi ya "politique" pale uthibitisho wa kitendo chake ulipokosekana, hasa kama mashahidi wote walikufa kambini. Kwa hiyo neno hilo lisikukatishe tamaa.

Kwa Caen andika majina, kuzaliwa, na kila unachojua: tarehe ya kukamatwa, gereza, kambi. Ambatanisha cheti cha kifo. Sababu ni ya kisheria: karatasi za kitabibu hufunguliwa miaka 25 baada ya kifo, na kama tarehe ya kifo haijulikani, miaka 120 baada ya kuzaliwa. Bila cheti, ofisi inaweza kuziondoa karatasi hizo kwenye nakala yako, na ndizo zinazoeleza mateso na magonjwa aliyorudi nayo.

Sambamba na hilo, tafuta jina kwenye Arolsen Archives (nyaraka za wahanga wa Wanazi, zilizoko Ujerumani; bure mtandaoni, majina takriban milioni 17.5) na kwenye hifadhidata ya Fondation pour la mémoire de la déportation, iliyopanga watu kwa msafara. Msafara ndio ufunguo. Ukishajua treni yake, unajua alitokea wapi, alifika lini, na alikuwa na nani. Chukua treni ya 24 Januari 1943: wanawake 230, wengi wao wa Résistance, walipelekwa Auschwitz wakapewa namba za 31,000 na kuendelea, walirudi 49. Namba ya mwanamke aliyetoka Ufaransa kwenda Auschwitz ikianza hivyo, huenda umeshapata treni, tarehe na wenzake. Lakini kumbuka mtu alipewa namba mpya kila alipohamishiwa kambi nyingine, kwa hiyo andika daima namba pamoja na jina la kambi. Namba peke yake haina maana.

Ukikuta herufi NN, ni "Nacht und Nebel", amri ya Desemba 1941: wafungwa waliotakiwa kupotea bila familia kujua. Hao barua zao hazipo kwa sababu walikatazwa kuandika. Usipoteze muda kuzitafuta.

#8 Baharia58

Na waliopigwa risasi?

#9 Kwezi

Caen pia, kisha Mémoire des hommes ina orodha ya waliouawa kwa risasi, na kamusi ya Maitron mtandaoni ina wasifu wa wengi wao, bure. Cheti cha kifo tazama pembeni: "Mort pour la France" (alikufa kwa ajili ya Ufaransa). Kwa waliofia kambini, sheria ya 15 Mei 1985 iliruhusu maneno "Mort en déportation" (alifia uhamishoni kambini) kuongezwa, na ofisi ikarekebisha pia mahali na tarehe ya kifo kwa vyeti vingi vilivyokuwa vimeandikwa kwa kubahatisha. Ndiyo maana nakala mbili za cheti kimoja, ya zamani na ya sasa, zinaweza kutofautiana. Iamini ya sasa, lakini itunze ya zamani.

#10 BintiSalim

Waliowaficha marubani wa Uingereza na Marekani wanahesabika wapi? Hao hawakuwa na bunduki wala kundi.

#11 MtunzaNyaraka

Swali zuri sana, kwa maana hapa nyaraka bora zipo nje ya Ufaransa.

Marekani: National Archives ina kundi la kumbukumbu RG 498. Lina vitu viwili unavyovihitaji. Cha kwanza ni mafaili ya Wafaransa waliopendekezwa kupewa tuzo kwa kuwasaidia marubani, yaliyoandaliwa baada ya vita. Cha pili ni ripoti za marubani wenyewe waliotoroka (*E&E reports*), karibu 3,000. Vyote vinasomeka kwenye katalogi yao mtandaoni bila malipo. Faili la msaidizi mara nyingi limeandikwa kwa jina la baba wa nyumba, hata kama mama ndiye aliyepika, akafua na kumpeleka rubani stesheni. Kwenye ripoti za marubani tarajia majina yaliyoharibika: kijana wa Texas aliandika alivyosikia. Tafuta kijiji na tarehe ndege ilipoanguka, kisha soma ripoti za wafanyakazi wote wa ndege hiyo, si ya mmoja tu.

Uingereza: National Archives, Kew, mfululizo WO 208 kwa ripoti za waliotoroka. Kama babu alifanya kazi na SOE (idara ya siri ya Uingereza ya hujuma), mafaili binafsi ni HS 9. Hufungwa hadi miaka 100 tangu kuzaliwa, ila ukipeleka uthibitisho wa kifo unaweza kuomba lifunguliwe mapema.

Mitandao mikubwa ya kutorosha, kama Comète na Pat O'Leary, ilitambuliwa pia Ufaransa kama FFC, kwa hiyo rudi 16 P na 17 P ulinganishe.

#12 Mlinzi_wa_Majina

Kuna watu wa Djibouti, Komoro na Madagaska wanaosoma humu, naomba tuwaguse. Djibouti ilijiunga na Ufaransa Huru mwishoni mwa Desemba 1942. Kikosi cha Kisomali kutoka huko (*bataillon somali*) kilipigana Pointe de Grave, mlangoni mwa mto wa Bordeaux, Aprili 1945. Askari wake akitafutwa kama FFL, kinachoamua ni tarehe ya kujiandikisha: baada ya 31 Julai 1943 hayumo kwenye FFL, yupo kwenye jeshi la kawaida, na mlango wake ni Pau. Utawala wa makoloni yenyewe, uliza ANOM (nyaraka za makoloni ya Ufaransa), Aix-en-Provence.

Pia Waafrika walikuwemo ndani ya maquis Ufaransa kwenyewe. Addi Bâ, mzaliwa wa Guinea, tirailleur (askari wa Kiafrika wa jeshi la Ufaransa) aliyetoroka mikononi mwa Wajerumani 1940, aliongoza maquis huko Vosges na akapigwa risasi Épinal 18 Desemba 1943. Majina ya Kiafrika yaligeuzwa sana na makarani, jina la baba likawa la mwana na kinyume chake. Jaribu kila mpangilio.

#13 Baharia58

Tuseme basi faili la 16 P limefika mkononi. Usishangae likiwa na karatasi nne tu. Mengi ni hivyo. Kwa kawaida utakuta fomu ya maombi, cheti cha kuzaliwa, ushahidi wa maandishi (*attestations*) wa watu wawili au watatu, na uamuzi.

Soma kwanza waliotia saini, kabla ya yaliyosemwa. Kila shahidi mtafute kwenye 16 P kama ulivyomtafuta babu. Akiwa na FFC P2 wa mtandao ule ule, ushahidi wake una uzito. Kama mashahidi wote watatu wanatumia sentensi moja neno kwa neno, fomu iliandaliwa na mtu mmoja wengine wakasaini. Matukio yanaweza kuwa kweli, lakini usihesabu kuwa una mashahidi watatu.

Cheo kikiwa na neno *assimilation*, ni cheo cha kulinganishwa kwa ajili ya haki na malipo. Hakithibitishi kuwa aliwahi kuamuru kikosi cha ukubwa huo.

Kadi ya CVR (*combattant volontaire de la Résistance*, sheria ya 25 Machi 1949) ilidai kwa kanuni ya jumla siku 90 za huduma kabla ya 6 Juni 1944. Ukikuta ana FFI lakini hana CVR, hesabu siku. Mara nyingi sababu ni hiyo. Mafaili ya CVR yaulize ofisi ya ONACVG (idara ya serikali ya maveterani na wahanga wa vita) ya departementi aliyoishi baada ya vita, au nyaraka za departementi hiyo, kwani mengi yamehamishiwa huko. Watu huandika alikopigania na kujibiwa hayupo.

Medali: hifadhidata ya Léonore ina mafaili ya Légion d'honneur kwa waliofariki kabla ya 1977. Médaille de la Résistance na wale watu 1,038 waliotunukiwa Ordre de la Libération (nishani iliyoanzishwa na de Gaulle), uliza Ordre yenyewe. Wasifu wa hao 1,038 uko kwenye tovuti yao.

#14 MtunzaNyaraka

Shukrani Baharia. Barua sasa. Iwe kwa Kifaransa, fupi, mtu mmoja kwa barua moja. Hii inatosha:

*Madame, Monsieur, je recherche le dossier de résistant de [JINA LA UKOO kwa herufi kubwa, majina], né(e) le [siku, mwezi kwa maneno, mwaka] à [komuni, departementi], décédé(e) le [...] à [...]. Référence relevée : GR 16 P [namba]. Pourriez-vous m'indiquer les modalités de consultation ou de reproduction ? Je joins une copie de l'acte de décès. Avec mes remerciements.*

Mwezi uandike kwa maneno kwa sababu 03/04 husomwa tofauti Ufaransa na Marekani, na faili huenda likaagizwa la mtu mwingine. Usiweke historia ya familia ya kurasa tatu. Mhudumu anatafuta namba tu. Jibu huchukua miezi, kwa hiyo Vincennes, Caen na ONACVG ziandikie kwa wakati mmoja, usisubiri moja ijibu.

Ukiweza kwenda mwenyewe au kumtuma ndugu aliyeko Paris, chumba cha kusomea ni *salle Louis XIV*, ndani ya ngome, kituo cha metro Château de Vincennes, njia ya 1. Aende na kitambulisho chenye picha, awe ameweka nafasi na kuagiza mafaili mapema mtandaoni, kwa sababu idadi kwa siku ina kikomo na faili haliletwi papo kwa papo. Kupiga picha bila flashi kunakubaliwa. Apige kila karatasi mbele na nyuma. Maamuzi na mihuri ya tarehe mara nyingi viko nyuma. Na picha ya kwanza iwe ya jalada lenye namba.

#15 BintiSalim

Nimenakili yote. Swali la mwisho: Vincennes wakijibu kwamba hakuna faili kabisa?

#16 Kwezi

Basi tafuta mke, kaka, bosi wake kazini, na kiongozi wa kundi la kijiji hicho. Agiza mafaili yao. Kisha mfululizo W wa departementi: ripoti za polisi na jandarmu za 1942 hadi 1944 zimefunguliwa kwa agizo la 24 Desemba 2015, na polisi wa Vichy (serikali ya Ufaransa iliyoshirikiana na Wajerumani) waliandika sana. Rejista za magereza ya Kifaransa ziko huko huko. Archives nationales wana pia 72 AJ, ushahidi uliokusanywa na wanahistoria baada ya vita, umepangwa kwa kundi na kwa departementi; tafuta humo jina la kijiji kabla ya jina la mtu.

Ukishatuma, leta hapa jina la departementi na la kundi, tukuambie orodha ipi ya 19 P uanze nayo.